Liyongo Akiingia Ulingoni Apigane Vipi?

Ninaandika kutoka huku Kaaleng. Muhula huu katika chama chetu cha Kiswahili kumezuka mabishano makali kuliko mdahalo wowote tuliowahi kuandaa. Hatukubishania siasa wala mapenzi. Tulibishania gemu! (Na hata kabla ya hapo tulibishania ngeli ya neno lenyewe. Mwalimu alikataa kuamua, kwa hivyo mimi nitaandika "gemu hii" na asiyependa aandike makala yake.)

Kisa chenyewe ni hiki. Tulikubaliana kubuni, kwenye daftari tu maana kompyuta ziko wapi, gemu ya kupigana ambamo mashujaa wa kale wa Afrika Mashariki wanakutana ulingoni. Fumo Liyongo wa Pate, Luanda Magere wa Wajaluo, Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, na kutoka kwetu Turkana, Lokerio mwaguzi. Kila shujaa atoke katika hadithi yake aje apambane na wa hadithi nyingine. Kuchagua majina kulituchukua dakika kumi. Lakini tulipofika kwa swali la mapigo, yaani huyu anapiga vipi na yule anajikinga vipi, basi! Kelele zilisikika hadi ofisi ya walimu.

Kundi moja, na ni kubwa, linasema Liyongo atoe moto mikononi na aruke angani ageuke mara tatu. Kwani si ndivyo wanavyopigana wale wa kwenye kibanda cha video? Mimi napinga. Napinga kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Gemu za namna hii, za kukutanisha mashujaa wa hadithi mbalimbali, hatukuzianzisha sisi. Mwaka 1999 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu iitwayo Super Smash Bros., ambamo wahusika wake wa zamani walipigana wao kwa wao. Mwaka 2014 wakaingizwa wageni wawili wakongwe, Mega Man na Pac-Man. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye utamu. Pac-Man alizaliwa mwaka 1980. Ni duara la manjano lenye mdomo, basi. Katika gemu yake ya kwanza hapigi mtu ngumi. Anakimbia, anakula vidoti, na mara mojamoja anaokota tunda. Je, wale mafundi walimpa upanga? La hasha! Walimfanya arushe matunda yale yale aliyokuwa akiokota zamani: cheri, chungwa, tufaha. Mega Man naye alipewa silaha alizokuwa akiwanyang'anya maadui zake katika gemu zake za zamani. Mtu aliyewajua tangu utotoni akiwaona anacheka kwa furaha, anasema, "Naam, ndiye!" Hiyo ndiyo ninayoiita heshima kwa shujaa.

Sasa tumtazame ndugu yetu Elena. Wengi hapa hawajui kwamba ndani ya Street Fighter, gemu mashuhuri ya kampuni ya Capcom ya Japani, mna Mkenya. Yumo tangu mwaka 1997, toleo la tatu. Ni msichana mrefu, nywele nyeupe, miguu mitupu, na anapiga kwa miguu peke yake. Nguo zake sizielezi. Mama yangu angemwona angemtupia shuka. Mwaka 2012 aliingia katika gemu ya mseto iliyowakutanisha watu wa Street Fighter na wa Tekken, akarudi tena mwaka 2014, na Juni mwaka 2025 akaingia katika toleo la sita. Mkenya amepigana ulingoni miaka ishirini na minane. Na anapigana kwa mtindo gani? Kapoeira. Mtindo wa Brazili!

Wapo watakaosema kapoeira asili yake ni Afrika. Kweli, ililelewa Brazili na Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao wakitoka pande za Angola na Kongo. Lakini Angola si Kenya. Ukiniambia huyu ni Mkenya kisha kila teke lake limetoka ng'ambo ya bahari, umenipa jina na bendera tu. Simchukii Elena, jamani. Ni mcheshi, anatafuta marafiki badala ya maadui, na ana uwezo wa kujiponya katikati ya vita, jambo zuri sana. Ninacholalamikia ni kwamba waliombuni walikuwa mbali, na sisi wenyewe hatukuwa tumewaandikia chochote cha kusoma. Wangejulia wapi kisu chetu cha mkononi, abarait, kile cha duara kinachovaliwa kama bangili na kufunikwa ukingo kwa ngozi? Silaha kama ile ndani ya gemu ni dhahabu! Na si kwamba Wakenya hatuwezi michezo hii. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni kwa sababu ya umahiri wake katika Tekken. Mchezaji tunaye. Shujaa wa kumchezea ndiye hatuna.

Basi nirudi kwa Liyongo. Kanuni yangu ni moja: kila pigo litoke ndani ya kisa chake. Kisa hicho kimejaa mapigo tayari, sisi tunachotakiwa ni kusoma kwa makini, si kubuni moto.

Chukua makoma. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 tunasoma kwamba walitumwa watu wamuue Liyongo kwa ahadi ya fedha. Wakafanya naye urafiki wa uongo, wakala kikoa cha makoma, leo apande huyu mkoma awaangushie wenzake, kesho yule. Hila yao ilikuwa kwamba siku ya zamu ya Liyongo, akiwa juu mtini, watampiga mishale. Zamu ilipofika Liyongo hakupanda. Alichukua uta wake akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, wakabaki wametoa macho. Sisi wa Turkana tunaujua mti huo kuliko watu wengi wa bara. Ni eengol, umejaa kando ya Turkwel, mama zetu wanasuka vikapu kwa majani yake na sisi tunaguguna matunda yake. Kwa hivyo pigo la kwanza la Liyongo ni hili: anapiga mshale juu, siyo mbele, na makoma yanamwangukia adui kichwani. Aliyekula koma anajua lilivyo gumu. Mchezaji ajifunze kukisia adui atakuwa wapi koma litakapofika chini. Hilo pigo halina mfano katika gemu nilizoziona, na halikunigharimu kubuni chochote.

Chukua minyororo. Liyongo alifungwa gerezani, akamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, kwa maneno ya wimbo ili walinzi wasielewe. Mama akaoka mkate wa wishwa na ndani akaficha tupa. Walinzi walikuwa na tabia ya kula mikate mizuri, ule mbaya wakamwachia mwenyewe. Kisha Liyongo akaomba apigiwe gungu kabla hajafa, na ngoma zilipopamba moto akakata minyororo yake, sauti ya tupa ikimezwa na sauti ya ngoma. Hebu fikiria hili ulingoni! Pendekezo langu ni kwamba Liyongo aanze kila raundi akiwa amefungwa. Ana nguvu lakini ni mzito, hatua zake fupi. Mchezaji akishikilia kitufe, gungu inaanza kulia na tupa inafanya kazi. Akipigwa, ngoma inanyamaza na kazi inasimama pale ilipofika. Minyororo ikikatika, hapo sasa utamwona Liyongo mwenyewe.

Mwenzangu mmoja alisema hiyo ni kumwonea shujaa, kwamba mchezaji atachoka kungoja. Nilimjibu hivi. Gemu ya kupigana huchora picha sitini kwa sekunde moja. Kila pigo limegawanyika: kuna picha za kujiandaa, picha za kugonga, na picha za kurudi mahali pako, na hapo kwenye kurudi ndipo unapopigwa. Aliye na nguvu nyingi lazima alipe kwa picha nyingi za kujiandaa au za kurudi, la sivyo kila mtu atamchagua yeye na gemu itakufa. Wenye gemu wanajua hivyo tangu zamani. Minyororo ndiyo malipo ya Liyongo, na tumeyapata bure ndani ya hadithi.

Wasichana wa chama walileta hoja moja ambayo wavulana walitaka kuicheka. Walisema bila Saada na bila mama, Liyongo angeozea gerezani, kwa hivyo lazima hao wawili wawemo. Wana haki. Zipo gemu ambazo mpiganaji humwita mwenzake akaingia ghafla, akamsaidia na kutoka. Saada aingie na mkate! Akifika salama, tupa inafanya kazi mara mbili kwa kasi. Na adui akiwa mroho, akaula ule mkate mzuri, apoteze muda akitafuna. Hapo darasa zima lilicheka, hata waliokuwa wakipinga.

Kuna pia mkoba wake, ambao ndani yake alibeba kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Jikoni kuzima begani! Sitasema mengi hapa, kila mtu anaweza kuona mchi unavyoweza kutumika.

Ugomvi mkubwa hasa ulikuwa juu ya sindano. Liyongo hakufa kwa mkuki wala mshale. Kitu kilichoweza kumuua kilikuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeipeleka ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Wenzangu wengi wanataka sindano iachwe. Shujaa gani, wanasema, anakufa kwa kuchomwa kitovu, tena na mtoto? Watoto wa shule nyingine watatucheka. Mimi nasema ukitoa sindano umetoa Liyongo, umebakiza mtu mkubwa mwenye uta. Adui akimpata kitovuni kwa pigo la karibu, wakati Liyongo anarudi kutoka pigo lake zito, basi nusu ya uhai iende. Ni vigumu kumfikia, lakini inawezekana, na mchezaji wa Liyongo atacheza muda wote akijua hivyo. Mwana nisimfanye mpiganaji. Sijui mtu angemchagua kwa moyo gani.

Na baada ya sindano? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Liyongo aliyechomwa aliamka, akachukua uta wake, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akatia mshale upoteni. Akafa hivyo hivyo, amepiga goti. Watu hawakuthubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai na ana hasira. Kiu ikawashika na maji wanayaona. Naomba gemu yetu ifanye hivi: uhai wa Liyongo ukiisha, asianguke. Apige goti na mshale wake. Adui ahesabiwe sekunde kumi, na akitaka ushindi lazima asogee mwenyewe amguse. Asiposogea, sare. Je, mshale utatoka? Mchezaji wa upande wa pili asijue. Sisi wa huku, ambao tunajua maana ya kisima kisichoendeka, hatuhitaji kuelezwa kwa nini sekunde hizo kumi zitakuwa ndefu.

Limebaki la Lokerio, nalo ni zito kuliko hayo yote, maana ni letu. Wazee husimulia kwamba Lokerio alipiga ziwa kwa fimbo, maji yakagawanyika, na vijana wakapita pakavu hadi ng'ambo wakaleta ngamia. Pigo la fimbo ni zuri ajabu. Ulingo unapasuka katikati, adui anabaki upande wake. Lakini wale ngamia walikuwa wa watu. Mwenzetu mmoja aliuliza, mtoto wa upande ule akishika pedi ya pili, tutamwambia huyu ni shujaa wa nini? Chama kizima kilinyamaza, na si kawaida yetu. Wengine wetu hapa wamezika jamaa kwa sababu ya mifugo, na ng'ambo ya mipaka yetu wapo waliozika vilevile.

Maoni yangu ni kwamba tusiwafiche ngamia wale. Tukiwaficha tutakuwa tumefanya kama waliompa Elena kapoeira, tumeweka kitu laini mahali pa kitu cha kweli. Ila pigo la fimbo lifanye kazi kwa wote wawili: maji yakigawanyika, njia iwe wazi kutoka pande zote mbili, na adui naye aweze kupita kuja upande wa Lokerio. Atakayeifungua njia ajue kwamba ameifungua.

Kura ilikuwa kumi na moja kwa kumi na mbili, nami nilishindwa, kwa hivyo mpaka sasa kurasa za Lokerio katika daftari ni tupu. Tutapiga tena muhula ujao. Kwa wakati huu, yeyote mwenye babu au bibi anayekijua kisa hiki amwulize mambo mawili na kutuletea majibu: fimbo ile ilikuwa ya mti gani, na maji yaliporudi, Lokerio alikuwa amesimama upande upi.