Neno la Herufi 45

Majuzi nilikaa katika jopo la kusikiliza utetezi wa tasnifu kuhusu afya ya wachimbaji wadogo wa madini. Mtahiniwa alikuwa amejiandaa barabara. Katika utangulizi wake aliweka neno la Kiingereza lenye herufi 45, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, na alipolifikia alilitamka lote bila kukwama. Wajumbe wawili walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nikamwuliza: "Wale wachimbaji uliowahoji, uliwaelezaje kwamba wamo katika hatari ya kuugua ugonjwa huu?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mwalimu, dodoso lilikuwa la Kiingereza. Msaidizi wangu ndiye aliyekuwa akiwafafanulia."

Simlaumu sana kijana huyo. Nawalaumu waliomlea, nami nimo.

Katika vibaraza vya vyuo vyetu umo mchezo ambao wengi wenu mnaufahamu. Mmoja hutaja herufi tatu au nne, wenzake wakashindana kutafuta neno refu kuliko yote la Kiingereza lenye herufi hizo. Anayetoa uncopyrightable, neno la herufi 15 ambazo hakuna hata moja inayojirudia, hushangiliwa. Anayejua kwamba facetious lina irabu zote tano kwa mfuatano wake huitwa "kichwa". Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Nimecheza Scrabble miaka mingi, na Wellington Jighere wa Nigeria aliponyakua ubingwa wa dunia mwaka 2015 nilifurahi kama vile ni ndugu yangu. Ugomvi wangu ni juu ya cheo tunachoupa mchezo huo: tumeufanya kipimo cha usomi.

Mwaka huohuo wa 2015, Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa. Hakujua kuzungumza Kifaransa. Alikuwa ameikariri orodha ya maneno yanayoruhusiwa, basi. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Hayo ni maajabu ya kumbukumbu, na namvulia kofia. Lakini hakuna Mfaransa mwenye akili timamu ambaye angempa kazi ya kuwafundisha watoto wake kwa sababu ya ushindi ule. Sisi tungempa. Tunawapa kila mwaka watu wanaojua umbo la neno bila kujua la kufanya nalo, tukawaandikia na cheti.

Na lile neno la herufi 45 halikuzaliwa hospitalini. Lilijitokeza mwaka 1935 nchini Marekani, katika chama cha wapenda mafumbo ya maneno. Anayetajwa kulibuni ni Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama hicho. Lilibuniwa ili liwe refu. Madaktari wenyewe husema silikosisi, wakaendelea na kazi. Ugonjwa huo hutokana na kuvuta vumbi laini la mawe lenye silika: mapafu hupata makovu, pumzi hupungua, na makovu hayo hayaponi. Tena humfanya mgonjwa awe rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Anayechoronga mwamba mkavu bila maji na bila barakoa inayofaa anajijengea ugonjwa huo siku baada ya siku. Hesabuni sentensi nilizotumia. Hakuna hata moja iliyohitaji kamusi.

Najua jibu nitakalopewa: Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Hoja hii imechosha. Lugha yetu haiyahifadhi maneno yake marefu kabatini, huyaunda mdomoni. Chukueni hawakutuelimisha: herufi 16, moja zaidi ya lile linaloshangiliwa vibarazani, na ni shitaka kamili lenye mtenda, mtendwa na tendo lililokosekana. Bibi asiyejua kusoma huliunda bila kufikiri. Pale istilahi inapopungua tunaweza kukopa, kama nilivyokopa silikosisi hapo juu, na hakuna aliyeumia.

Wala si kwamba serikali haijasema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ndugu watumishi wa umma, nyaraka hizo mnazo. Hata hivyo, taarifa za kitaalamu zinazohusu maji, ardhi na afya za wanakijiji bado hupita mezani kwenu kwa Kiingereza kizito, mkazigonga mhuri na kuzifungia faili, na mhusika haambiwi kitu.

Nimependekeza kwa wenzangu idarani kwamba tasnifu yoyote iliyotumia majibu ya wananchi isipitishwe mpaka mtafiti aandike kurasa mbili za Kiswahili na kuzirudisha kwa watu aliowahoji. Mjumbe mmoja alisema tutashusha hadhi ya shahada. Suala liliahirishwa.

Kijana wangu hakungoja kikao. Wiki iliyopita aliniletea ukurasa mmoja, umefutwafutwa kila mahali, unaoanza hivi: "Mwage maji kabla ya kuchoronga." Amenikumbusha pia kwamba nauli ya kuupeleka machimboni hana, na bajeti ya utafiti ilikwisha kwenye uchapaji.