Majani ya Kwetu Nayo Huwa Mekundu

Mjukuu wangu ana miaka mitano na anasoma chekechea hapa Masasi. Siku moja ya Oktoba alirudi nyumbani na karatasi yenye picha ya jani lenye ncha tano, mfano wa kiganja cha mkono. Watoto waliagizwa walipake rangi nyekundu, ya machungwa au ya kahawia, eti ni majira ya majani kupukutika. Yeye alipaka kijani. Mwalimu akamwekea alama ya kosa.

"Babu," akaniuliza, "mti wa jani hili uko wapi?"

Nikamwambia uko Ulaya na Marekani. Akaikunja karatasi yake, asiulize tena.

Simlaumu mwalimu peke yake. Yeye amenakili kitabu alichopewa. Ninachokilaumu ni ile fikra yetu kwamba sanaa ya mtoto lazima itoke ng'ambo, kama mitumba. Hata lugha imetuponza. Wafasiri wengi huyaita majira hayo "vuli". Lakini vuli ya Waswahili ni mvua za mwisho wa mwaka, wakati wa kupanda. Nasi wa kusini hata hiyo vuli hatuna: mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba ikaishia Aprili au Mei.

Kule Ulaya jani hubadilika rangi kwa kuwa siku zimefupika na baridi inakuja. Jani hilo linakufa. Kwetu mti hupukutisha majani kwa kukosa maji, na mbuyu husimama mtupu kiangazi. Kisha, Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, miyombo huchipua majani mapya, na machipukizi hayo huwa mekundu au ya rangi ya shaba. Ukipita njia ya Tunduru wakati huo utadhani pori linawaka. Baadaye hugeuka kijani. Basi wekundu ambao kwao ni dalili ya kufa, kwetu ni dalili ya kuzaliwa. Watoto wetu wanauona kila mwaka, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanachokiona kinafaa kuchorwa.

Wako watakaosema kwamba mtoto lazima aijue dunia. Naam, na aijue. Lakini mtazameni huyo mtoto wa Ulaya tunayemwiga. Yeye hutoka nje na mwalimu wake, akaokota jani lililoanguka, akalishika, akalibandika kwenye karatasi. Somo lenyewe ni hilo la kutoka nje na kuokota. Sisi tumechukua karatasi, somo tumeliacha.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, hakungoja kitabu cha mtu. Alichukua rangi za mafuta za dukani na vipande vya mbao za kubandika, akachora ndege na wanyama. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake umeenea duniani kote kwa jina lake.

Walimu wa watoto wadogo wana kila kitu. Oktoba ni msimu wa korosho: mabibo mekundu na ya manjano yametapakaa chini ya mikorosho. Upo udongo mwekundu, yapo makaa, yapo majani makavu, na vyote havinunuliwi. Maganda ya korosho mbichi tu yasiguswe, maana mafuta yake huunguza ngozi.

Jumamosi ile tulikwenda pembeni mwa mji, mjukuu akachuma kitawi chekundu cha myombo. Tulikorogea unga wa muhogo, tukakibandika nyuma ya karatasi ile ile iliyowekewa kosa. Jumatatu akairudisha shuleni. Mwalimu akitaka kulikosoa na hilo, kwanza atoke nje akautazame mti.