Mama mjamzito si ndege

Wadau, leo nina ugomvi na watengeneza programu. Si wote. Nawasema wale wanaokaa Dar chini ya kiyoyozi na kuamua kwa kompyuta nani yuko "karibu" na huduma huko Tabora.

Mchezo wenyewe ni huu. Kwenye SQL unaweza kujitungia fanksheni yako. Unaipa latitudo na longitudo za sehemu mbili, unaiambia nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, nayo inapiga hesabu na kukurudishia umbali. Ukishaitunga unaiita popote: WHERE umbali(kijiji, zahanati) <= 5. Sekunde chache tu vijiji vyote vimeshapangwa, hawa wanafikiwa, hawa bado. Ripoti inachapwa, semina inafanyika, posho zinalipwa.

Tatizo ni kwamba fanksheni hiyo inapima njia ya ndege. Mama mjamzito si ndege.

Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua hili zamani. Tabora hadi Ujiji, fanksheni inakupa kilomita kama 350, iwe leo au mwaka 1871. Lakini mwaka huo Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na njia ya magharibi ikafungwa. Stanley alipoondoka Kwihara mwezi Septemba ilimbidi azunguke kusini kupitia Ukonongo, ndipo apande tena kaskazini kuvuka Malagarasi. Ujiji alifika Novemba. Latitudo hazikusogea hata chembe, ila safari ilirefuka. Ndiyo maana watu wa misafara walihesabu kwa siku na kwa vituo: maji yako wapi, chakula kiko wapi, chifu gani anadai hongo.

Sasa chukua vijiji viwili vinavyotazamana, katikati yao mto usio na daraja. SQL inasema kilomita mbili. Masika yakiingia, hizo mbili ni za kunguru. Binadamu anazunguka nusu siku. Kwenye ripoti ameshahesabiwa kuwa "amefikiwa", kwa hiyo zahanati yake haijengwi.

Najua mtanijibu kwamba fomula ni sahihi. Sibishi. Lakini inajua kuthibitisha jambo moja tu: kilicho mbali angani hakiwezi kuwa karibu kwa miguu. Kinyume chake haiwezi kuthibitisha. Basi itumieni kuchuja walio mbali, halafu waliobaki wapimeni kwa njia wanazopita. PostGIS na pgRouting ni bure, ramani za OpenStreetMap ni bure. Pale ambapo njia haijachorwa, mpigieni simu mwenyekiti wa kitongoji mumuulize wanatembea saa ngapi, kiangazi na masika.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hiyo fanksheni, tafadhali, ibadilisheni jina. Isiitwe umbali. Iiteni ndege.