"-ni" Moja, Vihusishi Vitatu

Mzazi, mwite mwanao umpe sentensi hizi azigeuze kwa Kiingereza: Kitabu kipo mezani. Mama yupo mlangoni. Maziwa yamo kikombeni. Kwetu sisi "-ni" yatosha kote. Mwingereza hudai maneno matatu: "on the table", "at the door", "in the cup". Ndiyo sababu vihusishi huwatoa jasho wanafunzi, hata wale hodari.

Vya wakati ni nafuu: saa hutaka "at", siku "on", mwezi na mwaka "in". Ila usiku ni "at night". Usiniulize kwa nini.

Balaa hasa ni kutia kihusishi pasipotakiwa. Barua nyingi za kuomba kazi husema, "I wish to request for a job." Kitenzi "request" hakihitaji "for" hata kidogo. Lakini neno hilo likiwa jina, kama "a request for leave", "for" hurudi mahali pake. "Discuss about" nayo ina kasoro iyo hiyo. Sema "discuss the matter", basi. Mwajiri mwenye barua mia na nafasi moja hutafuta kisingizio cha kuitupa yako.

Nawe mwanafunzi, usikariri kihusishi peke yake. Kiandike daftarini pamoja na mwenzake: "depend on", "afraid of", "good at". Kisha jaza pengo hili: "My sister is married ... a teacher." Ukiandika "with", anza upya.