Krenki si Aibu ya Kiswahili

Wako miongoni mwetu, washairi na wapenzi wa lugha, wanaokunja uso wamsikiapo fundi wa Songea akisema “injini imenoki”. Hudai kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia ufundi wa injini. Basi na watuonyeshe kinapopungukiwa hapa:

Beringi za krenki hukaguliwa moja moja. Iliyokwaruzika, au iliyolika hadi wekundu wa shaba ukajitokeza, hairudishwi. Krenki nayo hupimwa kwa maikrometa. Ikichongwa milimita 0.25, hufungiwa beringi za kipimo hicho. Tundu la oili la beringi lilingane na la bloku, na kila kifuniko kirudi mahali pake, kwa upande wake ule ule. Nafasi ya oili kwa kawaida haifiki hata milimita 0.1. Ikizidi, presha hushuka na injini hugonga. Ikikosekana, beringi huungua.

Neno gani limekwama? Kunoki kumekubali nyakati zote: ilinoki, imenoki, itanoki. Hata “shairi” lilitoka Uarabuni, wala hakuna anayelikunjia uso.

Upungufu wetu si wa maneno, ni wa maandishi. BAKITA iliundwa mwaka 1967; hadi leo kijana afunguaye injini ya lori la kahawa la Mbinga mara nyingi husomewa mwongozo wa Kiingereza, akafunga kwa kukisia. Hasara humpata mwenye lori, mlimani, na shehena mgongoni.

Malenga, acha dhihaka. Chukua kalamu, uketi na fundi, mwandike.