KIBANDA CHETU KINAUZA NINI?

Ndugu wanaushirika,

Kibanda cha mnadani, kile kando ya uwanja wa mpira, ni mali ya Ushirika. Matofali tulifyatua wote, mabati tulichanga wote. Lakini humo ndani kuna nini? Soda, biskuti, pipi, barafu za rangi, na chipsi za mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Kilicholimwa hapa kijijini hakuna hata kimoja!

Singida ni mkoa wa alizeti, mtama, uwele, karanga na kuku wa kienyeji. Kuku wetu wanapanda basi kwenda Dar es Salaam, karanga zinaondoka kwa magunia. Halafu fedha ile ile tunampelekea mwenye duka la jumla mjini atupe sukari na rangi. Huo ni unyonyaji, na mlango tumeufungua wenyewe.

Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vidogo 9. Inadanganya njaa, haijengi mwili. Karanga, karibu robo yake ni protini. Ulezi una kalsiamu ya kujenga mifupa. Mwaka 2022 upimaji wa nchi nzima ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Mama akiwa mnadani mtoto analia mgongoni, kibanda chetu kinampa nini? Biskuti!

Wapo wanaosema, "Wateja wanataka soda." Watatakaje kiazi ambacho hawajawekewa? Wengine eti karanga na viazi ni chakula cha kishamba. Hiyo ni kasumba. Wengine wanasema soda haiozi, uji unachacha. Hilo ni kweli. Basi upikwe kidogo, uishe siku ile ile.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundi kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Walisikiliza ili sisi tuuze pipi?

Mkutano Mkuu uamue hivi:

1. Kibanda kiuze karanga, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, uji wa ulezi au uwele, na maji yaliyochemshwa.

2. Vitu hivyo vinunuliwe kwanza kwa wanachama.

3. Karanga zikaushwe barabara, zenye ukungu zikataliwe. Mwaka 2016 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu kwa majirani zetu, Dodoma na Manyara.

Anayetaka soda akanunue duka la mtu binafsi, hatumzuii. Lakini mali ya Ushirika isitumike kudhoofisha watoto wa wanaushirika.

Kamati ijibu mkutanoni, siyo kilabuni.

Ushirika ni nguvu! Kidumu Chama!

Katibu wa Chama, Tawi