Risala ya Mafundi wa Kanda, Redio na Filamu wa Nyamirambo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Jiji la Kigali na wa taasisi za utamaduni na habari,
Wazee wetu, akina mama, ndugu mafundi,

Leo ni tarehe 27 Oktoba, Siku ya Dunia ya Urithi wa Sauti na Picha. Tarehe kama ya leo mwaka 1980, kule Belgrade, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo la kuzilinda na kuzihifadhi picha zinazotembea. Tumeichagua siku hii makusudi. Lugha ya risala nayo tumeichagua makusudi, kwani Kiswahili ndicho tulichofundishiana kazi hii vibandani Biryogo na Nyamirambo, miaka mingi kabla hakijawa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Sisi tunatengeneza redio kaseti, deki za video, mashine za rili, projekta za milimita 16 na za Super 8, vicheza santuri na amplifaya za zamani. Tumebaki wachache. Mkubwa wetu ana miaka 71. Mimi ninayesoma ndiye mdogo wetu, na nina miaka 46.

Tunaanza kwa shukrani, na hatuzitoi kwa kutimiza desturi ya risala. Jalada la Mauaji ya Kimbari pale Gisozi lilipofunguliwa kwa umma mwaka 2010, tuliona nchi yetu imeamua kwamba ushahidi wa sauti na picha hauachwi uozee masandukuni. Mwaka 2021 Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilirudisha nakala za kidijitali za nyimbo zetu za asili zaidi ya 4,000. Siku ile kuna mzee kati yetu aliyelia, na hakuona haya.

Lakini nakala zile zilipatikana kwa sababu Tervuren bado kulikuwa na mashine za kuzisoma kanda. Hilo, Mheshimiwa, ndilo jambo letu lote. Kanda ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Ukiutazama hauoni kitu. Sauti inatoka pale tu ukanda unapopita mbele ya kichwa kilicho safi, kwa mwendo ule ule uliorekodiwa. Nchi yetu inatunza kanda, kidogo kidogo, na wakati huo huo inatupa mashine zake. Mashine ya mwisho ikishafika jalalani, kanda zote zilizotunzwa vizuri kabatini zitakuwa bubu.

Niruhusu nieleze habari moja.

Miaka minne iliyopita mama mmoja wa hapa jirani alikuja kibandani kwangu na kaseti aliyoifunga katika kitambaa cha kichwa. Ilikuwa C-120. Watu walizipenda C-120 siku zile kwa kuwa hotuba zote za harusi ziliingia upande mmoja bila kugeuza. Hawakujua kwamba urefu ule umepatikana kwa kuupunguza ukanda unene. C-60 ina mikroni kama 18, na C-120 ina 9 tu, ndiyo maana redio mbovu huzitafuna hizi kwanza. Ya mama huyu ilikuwa imeshatafunwa. Alishaipeleka duka moja la vifaa vya elektroniki katikati ya mji, akaambiwa ainunulie flashi. Nadhani kijana aliyemhudumia hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kilichokuwa mkononi mwake.

Kaseti ilikuwa ya aina isiyo na skrubu, imegundishwa kiwandani. Niliipasua pembeni kwa wembe, polepole, ili vipande vya plastiki visiingie ndani. Kile kipande kidogo cha sufi kinachoukandamiza ukanda kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka, kimeanguka chini ya gurudumu. Sehemu iliyokunjamana, kama urefu wa dhiraa, niliinyoosha kwa vidole vilivyovaa glavu za pamba. Nikahamisha rili zote mbili katika ganda jipya lenye skrubu, nikafuta kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, nikarekebisha pembe ya kichwa kwa bisibisi huku nikisikiliza, mpaka herufi s ikasikika kama s.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mume wake. Alikuwa mshenga siku hiyo, anaombea upande wa bwana harusi, anataja ng'ombe na sifa zao. Watu wanacheka. Katikati kuna mtoto anaita baba, naye anakatiza hotuba kumwambia mtoto akae. Mume na mtoto wote waliuawa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Picha za nyumbani ziliteketea zote. Dakika zile ndizo pekee walimobaki. Mama hakulia. Aliniomba nirudishe pale mtoto anapoita, nikarudisha, akaniomba tena.

Kaseti za namna hiyo ziko juu ya makabati ya nchi hii, ndani ya mabati ya maziwa, chini ya vitanda. Za hadhara nazo ni hivyo hivyo. Wanamuziki wetu Rodrigue Karemera, André Sebanani, Cyprien Rugamba, wote waliuawa mwaka ule. Hakuna atakayewarekodi tena. Tunachowasikia nacho leo kilipitia kwenye kanda. Na kanda hizo hizo zilisimama mahakamani: kule Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya Rwanda, katika kesi ya vyombo vya habari iliyotolewa hukumu tarehe 3 Desemba 2003, matangazo yaliyorekodiwa ya RTLM, redio iliyochochea mauaji, yalikuwa sehemu ya ushahidi. Aliyebonyeza kitufe cha kurekodi mbele ya redio yake hakujua kwamba siku moja majaji wangeisikiliza kazi yake.

Sasa malalamiko.

La kwanza linatuuma kuliko yote. Matangazo ya televisheni ya analogi yalipozimwa mwaka 2014, na kituo cha Deutsche Welle kule Kinyinya kilipofungwa Machi 2015 baada ya nusu karne ya kurusha sauti kwa mitambo ya kilowati 250, watu wengi walihitimisha kwamba kila kilicho cha analogi kimekufa. Tangu hapo tumeona deki nzima zikibebwa pamoja na vyuma chakavu. Mwaka juzi ofisi moja iliondoa mashine mbili za rili za studio. Zilikuwa na uzito wa watu wawili kuinua, na injini zake zingezunguka miaka mingine thelathini. Tulipata habari jioni. Tulipofika yadi asubuhi, vichwa vilishavunjwa kwa nyundo na koili zake zimekatwa kwa ajili ya shaba. Shaba yenyewe haikujaza kiganja.

Hakuna atakayetuuzia nyingine mpya. Deki ya VHS haijatengenezwa popote tangu Funai ya Japani ilipoacha mwaka 2016, na mwaka huo huo Sony ikakoma kuuza hata kanda za Betamax. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha dunia cha wahifadhi wa sauti walitoa tahadhari kwamba ifikapo mwaka 2025 au karibu na hapo, kuzisoma kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno kwa upungufu wa mashine. Mwaka huo walioutaja umeshafika.

Lalamiko la pili ni spea. Mashine ya kanda hufa kwa vitu vidogo: mkanda wa mpira, kiroli, kapasita. Hapa mezani, Mheshimiwa, katika kile kichupa, kuna mkanda wa deki uliotengenezwa miaka ya 1980. Ulikuwa mpira, leo ni lami. Ukiushika, weusi wake hautoki mkononi kwa sabuni ya siku mbili. Mwingine mpya ni mwepesi kuliko bahasha unayofikia, lakini tukiagiza kumi kutoka nje, usafiri na ushuru vinapita bei ya bidhaa yenyewe, na mara nyingi mzigo unakaa forodhani kwa sababu hakuna anayejua auandike chini ya fungu gani.

La tatu ni ujuzi. Kuna kanda za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake imenyonya unyevu wa hewa. Ukiziweka mashineni zinapiga kelele, zinanata, zinaacha matope ya kahawia kichwani pamoja na sauti yenyewe. Kanda hiyo hukaushwa kwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa nane, ndipo isomwe mara moja na kunakiliwa. Lakini ukikausha hivyo kanda ya asetati, iliyo kongwe zaidi, umeiua. Mkubwa wetu anazitofautisha kwa kuinua rili kwenye mwanga: asetati hupitisha mwanga kwenye ubavu wa rili. Filamu nayo huitambua kwa pua, harufu ya siki ikianza. Mambo haya hayapo katika mtaala wowote tulioonyeshwa, naye macho yamemfifia.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tunayadai kama raia wanaofanya kazi.

Ofisi yoyote ya umma, redio, shule, parokia au msikiti unaotaka kuondoa mashine ya kanda au projekta utoe taarifa siku thelathini kabla, ili ikaguliwe na fundi. Na pale Bugesera, ambako nchi ina kituo cha kuchakata taka za kielektroniki, kitengwe chumba kimoja cha kuwekea mashine hizi zisisagwe kabla ya kuonwa. Jambo hili halihitaji faranga nyingi. Linahitaji waraka mmoja wenye sahihi.

Spea za mashine za sauti na filamu zinazotumika kuhifadhi kumbukumbu zisamehewe ushuru, zipewe fungu lake, ili afisa wa forodha asibaki akikisia.

Vyuo vya ufundi vitupatie vijana wawili kila mwaka, wasichana na wavulana, wakae nasi miezi sita na wapewe cheti kinachotambuliwa. Hatuombi mshahara wa kuwafundisha. Tunaomba nauli yao na chakula cha mchana. Mzee wetu akituondokea kabla ya vijana hawa kufika, hakuna kitabu tutakachowapa badala yake.

Tunadai pia chumba cha umma, hapa Kigali, chenye mashine nzima na kikausha hewa, ambapo mwananchi ataleta kaseti yake na kurudi nayo nyumbani pamoja na nakala. Tunasisitiza: arudi nayo. Wapo wanaonakili kisha wakaitupa kanda asili. Nakala iliyotoka kwenye kichwa kichafu imebeba uchafu huo milele, na siku ikipatikana mashine bora hapatakuwa na pa kurudi. Zile nyimbo zilizotoka Tervuren nazo zisikilizwe hapo bure, na mjukuu wa mwimbaji asiandike barua tatu ili asikie sauti ya babu yake.

Mheshimiwa, tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya mvua za Machi. Msimu ule hewa ya vibanda vyetu inajaa unyevu, kuvu linaota kwenye filamu kwa wiki chache, na tunazo rili kumi na moja za watu, zisizo na nakala, tunazozifunika kwa mifuko ya plastiki na punje za mchele.

Naomba kuwasilisha.